Ruta yangu mwenyewe katika nyumba ya mawe, Bagamoyo: niiungeje na kisanduku cha kampuni?

Mwalimu wa Dunda

Ndugu zangu, salaam. Naomba msaada katika jambo ambalo limenisumbua wiki nzima. Tunaishi Dunda, hapa Bagamoyo, katika nyumba aliyotuachia marehemu babu, nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yenye sebule mbele, ukumbi mrefu katikati, na uani nyuma ambako kuna jiko na chumba cha mama. Vyumba viwili vya juu tumewapangisha vijana wanaosoma sanaa TaSUBa. Miezi mitatu iliyopita tuliingiziwa intaneti ya faiba. Fundi wa kampuni alifunga kisanduku chake sebuleni, karibu na dirisha la barazani kwa kuwa ndipo waya wake ulipoingilia, akatuandikia nenosiri la waifai kwenye kipande cha karatasi, akaenda zake. Nilipomwomba akisogeze kisanduku hadi ukumbini alijibu kwamba hairuhusiwi, na nilipomwuliza nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio alisema hilo ni la kampuni.

Matokeo yake ni kwamba sebuleni na vyumba vya juu vya mbele intaneti ni nzuri, ukumbini inapungua, na chumbani kwa mama hakuna kitu kabisa. Nilipima unene wa ukuta kwenye fremu ya dirisha nikapata sentimita 52, na kati ya kisanduku na kitanda cha mama kuna kuta tatu za namna hiyo. Mama ana miaka 76, na kila jioni kaka yangu aliye Muscat humpigia simu ya picha. Ili amwone mwanawe inambidi atoke uani, apande vizingiti viwili virefu, apite ukumbi wote hadi sebuleni, na mwezi uliopita alijikwaa kwenye kizingiti cha pili akaumia goti. Tangu siku ile nimeamua kwamba intaneti ndiyo itakayomfuata yeye.

Jumamosi nilikwenda Kariakoo nikanunua ruta. Nyuma ina tundu moja la buluu na manne ya manjano. Nilichukua kebo fupi iliyokuja nayo, nikachomeka ncha moja kwenye kisanduku cha kampuni na ya pili kwenye tundu mojawapo la manjano. Kwa dakika chache ilifanya kazi, kisha nyumba nzima ikakosa intaneti: simu zinaonyesha kuwa zimeunganishwa na waifai lakini hakuna intaneti, hata za wapangaji ghorofani. Nikiandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, mara unafunguka ukurasa wa kampuni, mara wa ruta yangu. Nilipoichomoa ruta, nikazima na kuwasha kisanduku, mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Je, nimeharibu kitu? Na ni ipi njia sahihi ya kuiunga ruta hii bila kugombana na kampuni?

Fundi Nyaya

Mwalimu, hujaharibu kitu. Umeunganisha vifaa viwili ambavyo kila kimoja kinaamini kuwa ndicho mwenye nyumba, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kisanduku cha kampuni kinajiita 192.168.1.1 na kinagawa anwani, yaani namba za kutambulishana mtandaoni, kwa simu zenu. Ruta yako nayo ilitoka kiwandani ikijiita jina hilohilo na ikigawa anwani hizohizo. Simu ikiuliza njia ya kutokea ni ipi, inajibiwa na yeyote aliyewahi, na akiwahi asiye na njia ya kutokea, simu inabaki imeunganishwa bila intaneti. Matundu ya manjano ni ya kuungia vifaa vya ndani ya nyumba. Tundu la buluu ndilo la kupokea intaneti kutoka nje, na pembeni yake pataandikwa WAN. Anza na hilo, kisha utueleze ruta inaonyesha anwani gani upande wa WAN.

Mpanga Mitandao

Naongezea aliyoyasema Fundi Nyaya, maana swali la mwalimu ni la watu wengi wanaonunua ruta siku hizi, na jibu la "chomeka kwenye WAN" ni sahihi lakini halitoshi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi zenyewe. Kile tunachokiita ruta ya nyumbani ni vifaa vitatu au vinne vilivyowekwa ndani ya kasha moja: kuna swichi, ambayo ni yale matundu manne ya manjano; kuna kituo cha waifai; kuna mgawaji wa anwani, anayejulikana kama DHCP; na kuna mlinda mlango, NAT, anayepokea maombi ya simu na kompyuta zote za ndani akayatoa nje kwa anwani moja, kisha majibu yakirudi akampa kila mmoja lake. Kazi hii ya mwisho ipo kwa sababu anwani za IP za toleo la nne hazifiki hata bilioni 4.3, na hazina kuu ya dunia ilikwisha kugawiwa Februari 2011. Ndiyo maana nyumba zetu zote, za Bagamoyo na za kwingineko, zinatumia anwani zilezile zinazoanza na 192.168 au 10, ambazo zimetengwa kwa matumizi ya ndani na hazitambuliki nje ya mlango. Mimi ninayo 192.168.1.5, na jirani yangu anayo pia, wala hatugongani, kwa kuwa kila mmoja yuko nyuma ya mlango wake. Kwako wewe kulikuwa na milango miwili ndani ya nyumba moja.

Sasa una njia tatu. Ya kwanza ni kuomba kampuni ikigeuze kisanduku chake kuwa daraja tu, yaani kiache kugawa anwani na kiache kulinda mlango, kazi zote zihamie kwenye ruta yako. Hii ndiyo njia safi kuliko zote, lakini itakubidi upewe jina la mtumiaji na nenosiri la PPPoE, yaani la ruta kujitambulishia kwa kampuni, kama kampuni inatumia utaratibu huo, na pengine namba ya VLAN pia, ambayo ni alama ya kutenga mawasiliano ya intaneti kwenye faiba, na fundi aliyekataa kukupa nenosiri la mipangilio huenda asikupe haya kwa urahisi. Ukiomba, omba kwa maandishi, na utaje maneno hayo niliyoyataja, kwa sababu mtu wa huduma kwa wateja akisikia "nataka kutumia ruta yangu" hutuma fundi, lakini akisoma "naomba kisanduku kiwekwe katika hali ya daraja" humpelekea mhusika.

Njia ya pili ni kuifanya ruta yako kuwa kituo cha waifai tu. Kwenye mipangilio yake tafuta hali iliyoandikwa AP. Ukiichagua, ruta inaacha kugawa anwani na inaacha kulinda mlango; inabaki kupokea kwa kebo na kutoa kwa mawimbi. Nyumba nzima inakuwa mtandao mmoja, printa ya sebuleni inaonekana kutoka uani, na hakuna ugomvi. Ubaya wake ni kwamba kisanduku cha kampuni, ambacho huna funguo zake, ndicho kinachobaki kuwa bwana wa kila kitu.

Njia ya tatu ndiyo ninayokushauri uanze nayo leo jioni, kwa sababu haihitaji ruhusa ya mtu. Ichomoe ruta kutoka kwenye kisanduku cha kampuni. Unganisha kompyuta au simu yako na ruta peke yake, fungua 192.168.1.1, ingia kwa nenosiri lililobandikwa chini ya ruta, nenda sehemu ya LAN, yaani mtandao wa ndani, ubadilishe anwani yake iwe 192.168.10.1. Hifadhi, isubiri ijiwashe upya, kisha chomeka kebo kutoka kwenye kisanduku hadi tundu la buluu, na upande wa WAN uache ijipatie anwani yenyewe. Sasa ndani utakuwa na 192.168.10, nje yake 192.168.1, na hakuna anayejiita kwa jina la mwenzake.

Watakuja watu hapa watakaokuambia kwamba kupitisha NAT mara mbili ni kosa kubwa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na naona jambo hili hutiwa chumvi. Kusoma, kutazama video, kupiga simu ya picha, kutuma barua pepe na kufanya malipo havidhuriki, kwa kuwa mazungumzo yote haya huanzia ndani kwenda nje. Kinachodhurika ni kile kinachotaka kuingia kutoka nje, kwa mfano kamera ya ulinzi ambayo ungependa kuifikia moja kwa moja ukiwa safarini, au michezo kadhaa ya kompyuta. Na hata hapo usiharakishe kukilaumu kisanduku. Ukiwahi kuona kwamba anwani ya nje ya kisanduku cha kampuni inaanzia 100.64 hadi 100.127, ujue kampuni yenyewe imewaweka wateja wengi nyuma ya mlango mmoja mwingine ulioko kwake, na hata ukipewa hali ya daraja bado mtu wa nje hataweza kubisha hodi kwako.

Mzee wa Boriti

Wanangu, mmesema vizuri juu ya anwani. Lakini mwalimu ameandika neno moja ambalo naona limepitwa haraka, nalo ni sentimita 52. Mimi nimekarabati nyumba za mawe Mji Mkongwe kwa muda mrefu, na nyumba yangu mwenyewe ni ya aina hiyo, hivyo naomba niseme kuhusu ukuta.

Ukuta wa matumbawe si kama ukuta wa tofali za saruji wa inchi sita. Kwanza ni mnene. Pili una unyevu, maana mawe yale yametoka baharini na yana vitundu, na chokaa hufyonza maji kutoka ardhini na kutoka hewani. Pita mkono kwenye ukuta wa ndani mwezi wa Aprili, utautoa na unga mweupe wa chumvi. Maji ni adui wa mawimbi ya waifai. Kuta tatu za namna hiyo mfululizo zinameza mawimbi karibu yote, na masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, humezwa mapema kuliko yale ya 2.4. Kwa hiyo ukiiweka ruta mpya sebuleni karibu na kile kisanduku, hata iwe na antena nane, mama hatapata kitu. Wala usinunue vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyodaka waifai na kuirusha mbele, kwa maana ukikiweka ukumbini kitarusha kile kidogo kilichokifikia, na kidogo kikigawanywa hakiwi kingi.

Piga kebo. Hakuna njia nyingine ya heshima katika nyumba ya mawe. Na kabla hujashika drili, tazama juu. Nyumba zetu zina dari za boriti za mikoko, na pale boriti zinapoingia ukutani, mara nyingi kuna upenyo kati ya mti na chokaa. Kwangu mimi kebo imetoka sebuleni ikapanda kwenye kona nyuma ya kabati, ikalala juu ya boriti ya tatu, ikavuka ukumbi mzima bila kuonekana, ikatokea juu ya fremu ya mlango wa uani. Sikutoboa ukuta hata mmoja. Hilo ni muhimu kwa sababu mbili: chokaa ya zamani ikitobolewa kwa drili ya nguvu hubomoka kipande kikubwa kuliko tundu ulilolitaka, na kama nyumba yako imo katika eneo linalolindwa, ni lazima uwaulize watu wa Mambo ya Kale kabla hujagusa ukuta wa nje au mlango wa nakshi.

Kuhusu mahali pa kuiweka ruta, usiiweke chumbani kwa mama. Iweke ukutani juu ya mlango unaotoka ukumbini kwenda uani, upande wa ndani, mvua isipoifikia. Uani hakuna paa, na dirisha la mama bila shaka linatazama uani kama yalivyo madirisha ya nyumba zote za aina hiyo. Mawimbi yatatoka mlangoni, yatavuka hewa tupu, yataingilia dirishani. Mlango wa mbao na dirisha la mbao hayayazuii sana. Angalia tu lisiwepo tangi la maji katikati ya njia hiyo, wala bati lililosimamishwa.

Na kebo yenyewe ikague kabla hujalipa. Madukani kuna kebo nyingi za bei nafuu ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Kebo hiyo hukatika ikikunjwa mara chache, na kwa hewa yetu ya chumvi huoza kwenye vichwa kabla ya mwaka kwisha. Nunua ya shaba tupu iliyoandikwa CAT5E au CAT6. Umbali usikutishe, kwani kebo hizi zinaruhusiwa hadi mita 100, na nyumba yako haifiki hata theluthi.

Mwalimu wa Dunda

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Nimefanya kama alivyoelekeza ndugu Mpanga Mitandao. Ruta sasa inajiita 192.168.10.1, na upande wa WAN inaonyesha 192.168.1.7. Nimeijaribu sebuleni kwa siku mbili na haijagombana na kisanduku hata mara moja. Dirisha la mama linatazama uani, kama mzee alivyokisia, na nimepanda ngazi nikaona kwamba juu ya boriti ya nne kuna upenyo unaopitisha vidole viwili. Nimepima kwa kamba, njia nzima ni mita 23.

Limebaki swali moja. Wapangaji wetu wanatumia waifai ya kisanduku cha kampuni, na nenosiri lake ni lile la karatasi, ambalo naamini nusu ya mtaa wanalijua sasa. Je, niwahamishie kwenye ruta mpya au niwaache hukohuko? Kwenye kompyuta yangu kuna alama za wanafunzi na mitihani ambayo haijafanywa, na sitaki vitu hivyo viwe jirani na kila simu inayopita barazani.

Binti wa Chumbageni

Mwalimu, salaam kutoka Tanga. Waache wapangaji walipo. Kile ambacho watu hukiita kasoro, yaani mlango ndani ya mlango, kwako wewe kimekuwa faida. Simu ya mpangaji iliyo kwenye kisanduku cha kampuni haiwezi kuona kompyuta iliyo nyuma ya ruta yako, kwa sababu ruta inamchukulia kila aliye upande wa WAN kuwa ni mtu wa nje, hata kama yuko ghorofani kwako. Kinyume chake kinawezekana, ninyi mnaweza kuvifikia vifaa vya upande wao, lakini hilo si la kukutia hofu. Kisanduku kiko mbele na vyumba vyao viko juu yake, hivyo nao wanapata mawimbi ya kutosha. Sharti lake ni moja: nenosiri la waifai ya kisanduku libadilishwe. Ipigie kampuni simu, wanaweza kulibadilisha wakiwa ofisini kwao bila kuja kwako, na hilo hawana sababu ya kukukatalia.

Kwenye ruta yako mwenyewe kuna mambo ambayo nakuomba uyafanye kabla hujaipandisha ukutani, maana ikishakuwa juu utasema utafanya kesho. Badilisha nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio, lile lililobandikwa chini, uandike jipya kwenye daftari. Chagua ulinzi wa WPA3 kama vifaa vyenu vinaukubali, la sivyo WPA2, na nenosiri la waifai liwe sentensi ndefu ambayo mama anaweza kuikumbuka, si herufi nane za kubahatisha. Zima uwezo wa kuingia kwenye mipangilio kutoka nje. Kagua kama kuna toleo jipya la programu ya ruta, ulipakue.

Na zima WPS. Hiki ni kitufe, au namba ya tarakimu nane, kilichowekwa ili kuunganisha vifaa bila kuandika nenosiri. Tarakimu nane zinaonekana nyingi, lakini mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huzikagua kwa mafungu mawili, nne za mwanzo kisha tatu, na ya nane hukokotolewa kutokana na zile saba. Kwa hiyo anayebahatisha hahitaji kujaribu mamilioni. Majaribio 11,000 yanatosha, na kompyuta iliyoachwa barazani kwa jirani inaweza kuyamaliza bila mtu kuishughulikia. Mimi nilijua haya baada ya kukuta simu nne nisizozijua kwenye orodha ya ruta yangu, ilhali nenosiri langu sikuwahi kumpa mtu.

Jambo dogo kuhusu chaneli. Nyumba za Dunda zimebanana kama zetu za Ngamiani, na ruta nyingi huachwa zijichagulie. Kwa masafa ya 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, kwa sababu hizo tatu ndizo zisizopandana, na upana uwe megahezi 20. Tazama kwa simu majirani wako wapi, uende kwingine.

Fundi Nyaya

Nitasema habari ya umeme tu. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha usiku, faiba haikatiki. Kinachozimika ni visanduku vyako viwili. Soma nyuma ya adapta: kama zote mbili zimeandikwa 12V, tafuta betri ndogo ya ruta yenye matundu mawili ya kutolea 12V, ambayo hukaa kati ya adapta na kifaa. Usijumlishe volti, jumlisha ampea. Kisanduku cha ampea 1 na ruta ya ampea 1.5 vinataka betri inayoweza kutoa ampea 2.5 kwa pamoja. Na ni lazima uvilishe vyote viwili, kwa maana ruta ikiwaka peke yake huku kisanduku kimezima, simu ya mama itaonyesha waifai imejaa na hapatakuwa na intaneti.

Hapo ndipo watu wengi huchanganya mtandao wa nyumbani na intaneti. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, wateja walinipigia simu wakitaka niwabadilishie ruta, na ruta zao zilikuwa nzima kabisa. Siku ikitokea shida, kwanza fungua ukurasa wa ruta, 192.168.10.1. Ukifunguka, nyumbani kwako kuko salama. Kisha fungua 192.168.1.1, ukifunguka, kebo yako ya mita 23 ni nzima na kisanduku kinafanya kazi. Vikifunguka vyote viwili na bado hakuna intaneti, tatizo liko nje ya nyumba, piga simu kwa kampuni.

Mzee wa Boriti

Marahaba, mwanangu. Utakapobana vichwa vya kebo, fuata mpangilio huu pande zote mbili, ukishika kichwa huku ulimi wake ukiwa chini na shaba zikikutazama, kuanzia kushoto: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Usitenganishe misokoto ya nyaya zaidi ya pale inapobidi. Na kabla ya kuingia ruta, acha kebo ining'inie kidogo chini ya tundu kisha ipande, ili unyevu ukitiririka juu ya kebo udondokee hapo chini, usiingie kwenye shaba.

Mwalimu wa Dunda

Narudi kutoa taarifa, kwa kuwa nimeona mijadala mingi inaishia bila kujulikana aliyeuliza alifika wapi.

Kebo tuliipitisha jana mimi na mpangaji mmoja, yeye akiwa juu ya ngazi ukumbini na mimi nikiisukuma kutoka sebuleni kwa kuifunga kwenye kijiti cha ufagio. Ilipita juu ya boriti ya nne bila kutoboa chochote, ila vumbi la miaka yote hiyo lilitumwagikia kichwani. Ruta iko juu ya mlango wa uani. Tulipoiwasha, intaneti ilifika, lakini ukurasa wa ruta ulionyesha kwamba upande wa WAN umeunganishwa kwa megabiti 100 wakati vifaa vyote viwili vinaweza 1000. Nikavitazama vichwa kwa tochi. Kichwa cha upande wa sebuleni, waya wa kahawia ulikuwa umeishia katikati, haukufika kwenye shaba yake. Nimesoma kwamba kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu, za chungwa na kijani, na ile ya 1000 hutaka zote nne, ndiyo sababu kosa langu halikuzima kila kitu, lilipunguza tu. Nikakikata kichwa, nikabana kingine, ikasoma 1000.

Nenosiri la kisanduku limebadilishwa kwa simu, ilichukua dakika kumi. Barua ya kuomba hali ya daraja nimeiandika lakini sijaituma, kwa sababu baada ya maelezo ya dada wa Chumbageni sioni tena kama naihitaji. WPS nimeizima. Betri nitainunua mwisho wa mwezi. Adapta zote ni 12V, moja ya ampea 1 na nyingine ya ampea 1.5, kama ilivyo kwenye mfano wa Fundi.

Jana saa mbili usiku kaka alipiga. Mama alikuwa kitandani, mto mgongoni, dirisha la uani wazi, na picha haikukatika hata mara moja kwa dakika arobaini. Leo asubuhi ameniuliza kama chombo kile cha juu ya mlango kinakula umeme mwingi, maana anataka kisizimwe usiku.

Fundi Nyaya

Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Kwa ampea 1.5 na volti 12, hakiwezi kuzidi wati 18 hata kikifanya kazi kwa nguvu zote, yaani chini ya uniti moja ya LUKU kwa siku mbili. Kiache kiwake.